Jinsi ya kufuatilia siasa za maji Arizona na kusikika, hata kama umefika juzi

Hii nawaandikia ndugu zangu tunaoishi Phoenix, Tucson na hii miji ya pembeni, Wakongo, Warundi, Wabongo, Wakenya, yeyote anaesoma Kiswahili na anaefungua bomba jangwani. Mimi nimekulia kambini Nyarugusu kule Kigoma, nimepanga foleni ya madumu toka alfajiri, na pale hata mtoto mdogo alijua nani anashika ufunguo wa bomba, linafunguliwa saa ngapi na linafungwa saa ngapi. Nilipofika huku nikakuta maji yanatoka saa zote, nikaacha kabisa kuuliza habari za ufunguo. Imenichukua miaka kugundua kwamba ufunguo upo, na wengi wanaoushika wanaingia kwa kura ambazo majirani zako wengi hawajui kama zipo.

Anza na bili yako, isome vizuri jina lililoandikwa juu. Kama ni jiji, mfano Phoenix, Mesa au Tucson, basi bei inapangwa na halmashauri ya jiji, yaani meya na madiwani, watu unaoweza kuwafata ukawaambia usoni. Kama ni kampuni binafsi, bei yake inaamuliwa na Arizona Corporation Commission, ambayo ni watu 5 wanaochaguliwa na jimbo zima. Na kama unakaa apatimenti ukaona tu mstari unasema maji kiasi fulani, kuna uwezekano hauna mita yako peke yako, bili ya jengo zima inagawanywa kwa idadi ya watu au ukubwa wa nyumba, na mkataba wako unatakiwa useme wanagawa kwa njia gani. Mimi nililipa hivyo muda mrefu bila kuuliza, siku nilipouliza kwa maandishi ndo nikaletewa maelezo ya hesabu. Uliza kwa maandishi, usiishie kuongea na yule wa ofisini pale chini.

Alafu jifunze vipimo, maana ukiingia kwenye mkutano wanavitaja kwa haraka na ukikosa hapo umepotea. Bili ya Phoenix inahesabu kwa yuniti, yuniti moja ni galoni 748, hiyo ni kama madumu 140 ya lita 20. Wanasiasa wao wanahesabu kwa eka-futi, yaani maji ya kufunika eka moja kwa kina cha futi moja, kama lita milioni 1.23, zaidi ya madumu 61,000. Mtu akisema Arizona ina eka-futi milioni 2.8 kwa mwaka kutoka Mto Colorado, sasa unaweza kuiona hiyo namba kichwani.

Maji ya Phoenix yanatoka sehemu tatu. Kuna mito ya Salt na Verde, ambayo mabwawa na mifereji yake inasimamiwa na SRP (Salt River Project, shirika la maji na umeme), hawa wapo toka 1903 na bwawa lao la Roosevelt lilikamilika 1911. Kuna Mto Colorado, unaoletwa na mfereji unaoitwa CAP (Central Arizona Project), kilomita kama 540 kutoka Ziwa Havasu mpaka kusini ya Tucson, karibu na safari ya Dar kwenda Moshi, na njiani maji yanasukumwa kwa pampu kupanda juu zaidi ya mita 800. Na kuna maji ya visima, ya chini ya ardhi, hayo ni akiba ya zamani sana ambayo mvua ya hapa haiwezi kuirudisha kwa kasi tunayoyatoa.

Sasa hapa nakaa kidogo maana bila hii historia hautaelewa kwa nini watu wazima wanapandisha sauti wakisikia neno California. Mwaka 1922 majimbo 7 yaligawana Mto Colorado kwenye makaratasi, Arizona ikakataa kuridhia mkataba, ikakaa nje mpaka 1944. Mwaka 1934 gavana Benjamin Moeur alituma kabisa wanajeshi wa jimbo mtoni kuzuia ujenzi wa bwawa la Parker, kisa maji yalikuwa yanaenda California. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, 1963 ikaamuliwa California milioni 4.4, Arizona 2.8, Nevada laki 3. Kushinda kwenye karatasi ni kitu kimoja, kuyafikisha maji Phoenix ni kingine, ilihitajika pesa ya serikali kuu kujenga mfereji, na wabunge wa California walikuwa wengi. Seneta Carl Hayden, mzee aliyekaa bungeni Washington toka 1912, aliupata huo mfereji 1968 lakini kwa sharti zito, kwamba maji yakipungua mfereji wa Arizona unakatwa kabla California haijaguswa. Sharti hilo lilikaa kimya miaka mingi. Agosti 2021 serikali ikatangaza upungufu kwa mara ya kwanza, na 2022 Arizona ikakosa eka-futi 512,000, wakulima wa kaunti ya Pinal ndo walioumia zaidi, kuna mashamba yalibaki vumbi.

Kwahiyo utamaduni wa siasa za maji hapa una mambo kama matatu ukiyashika utasikiliza mkutano wowote. Kwanza, aliyetangulia ndo mwenye haki, sheria ya mito inaangalia nani alianza kutumia maji lini, haiangalii nani anayahitaji zaidi leo. Kwa sababu hiyo makabila ya wenyeji asilia yana nguvu kubwa kisheria, toka kesi ya Winters ya 1908, Mahakama Kuu iliposema ardhi waliyotengewa inakuja na haki ya maji, na jamii ya Gila River kusini ya Phoenix walipigana miongo mingi mpaka makubaliano ya 2004 yakawapa eka-futi zaidi ya 650,000 kwa mwaka. Wao kiongozi wao akiongea, majiji makubwa yananyamaza na kusikiliza. Wanavajo wao hali ni ngumu, wapo wanaobeba maji kwa magari mpaka leo, na Juni 2023 Mahakama Kuu iliwakatalia kwa kura 5 kwa 4 walipotaka serikali ilazimishwe kuwatafutia. Mimi niliyebeba madumu siwezi kusoma ile hukumu nikatulia.

Pili, mambo mengi yanapikwa na watu wachache wanaofahamiana, wanasheria, wakulima wakubwa, migodi, wajenzi wa nyumba na wakuu wa majiji, wakishakubaliana ndo bunge linapitisha mwishoni kabisa. Ule mpango wa ukame wa 2019, wa kugawana upungufu wa Mto Colorado, ulisainiwa Januari 31, siku yenyewe ya mwisho waliyopewa. Ukisubiri siku ya kura kuongea, umechelewa.

Tatu, vijijini watu wanaona maji yaliyo chini ya shamba lao ni yao na serikali ikae mbali. Sheria ya 1980 aliyoisaini gavana Bruce Babbitt iliweka udhibiti wa visima sehemu maalum tu, kama Phoenix, Tucson, Prescott na Pinal. Nje ya hapo mwenye hela ya kuchimba kisima kirefu zaidi anavuta, na kisima kifupi cha jirani kinakauka. Ndo ilivyowezekana kampuni ya Fondomonte, ya wenye Almarai ya Saudi Arabia, kukodi ardhi ya jimbo kwenye bonde la Butler, ikalima majani ya ng'ombe kwa maji ya chini bila kulipia maji yenyewe, mpaka Oktoba 2023 gavana Katie Hobbs alipotangaza kuvunja mikataba. Watu wanaikasirikia Saudia, lakini mimi naona kasoro ni ya sheria, maana mashamba ya Wamarekani wenyewe yanafanya vilevile na hayavunji sheria yoyote. Kule Douglas wananchi walichoka, Novemba 2022 wakapiga kura wenyewe kuleta udhibiti kwenye bonde lao. Inawezekana.

Kwa wale mnaofikiria kununua nyumba, hapa msome mara mbili. Ndani ya maeneo yenye udhibiti, mjenzi wa mtaa mpya lazima athibitishe maji ya miaka 100. Lakini sheria hiyo inahesabu kuanzia viwanja 6, kwahiyo wapo wanaokata ardhi vipande 5 au pungufu na kuukwepa huo uthibitisho. Rio Verde Foothills, pembeni ya Scottsdale, nyumba nyingi zilijengwa hivyo, wakawa wanaletewa maji kwa malori, Januari 1, 2023 Scottsdale ikasitisha kuwapa, watu wenye nyumba nzuri kabisa wakaanza kuoga kwa kuhesabu. Juni mwaka huohuo jimbo likasema visima vya eneo la Phoenix havitatosha kwa miaka 100 ijayo, na mitaa mipya inayotegemea visima peke yake haitapewa kibali. Ukipewa bei rahisi mno ya nyumba nje ya mji, swali lako la kwanza liwe maji yanatoka wapi na naomba karatasi.

Tuje kwenye kura, na hapa nasema taratibu. Kama bado hujapata uraia, hata kama una grinkadi, usijiandikishe kupiga kura hata mtu akikusogezea fomu na tabasamu sokoni, inaweza kukuharibia kesi yako ya uraia mpaka kukurudisha. Kuhudhuria mikutano, kuandika barua, kuongea mbele ya madiwani, hayo yote unaruhusiwa. Kama umeshakuwa raia, ukijiandikisha weka uthibitisho wa uraia, namba ya cheti chako inatosha, kwa sababu Arizona ina aina mbili za wapiga kura na ukikosa uthibitisho unaweza kuishia na karatasi ya kura ya serikali kuu tu, rais na wabunge wa Washington, na wanaoamua maji hapa jimboni hawamo.

Karatasi ikifika, usianzie juu tu ukachoka. Teremka mpaka chini kabisa utafute Central Arizona Water Conservation District. Hawa ndo bodi ya ule mfereji wa CAP, watu 15, 10 kutoka kaunti ya Maricopa, 4 Pima, 1 Pinal, miaka 6 kila mmoja, hawalipwi mshahara, hawaandikwi chama, na wanatoza kodi ya majengo kwenye kaunti zote tatu, kwahiyo hata mpangaji anawalipa kupitia kodi ya nyumba. Wanagombea wengi kwa mkupuo na majina hayakuambii kitu, tafuta nani anampa pesa na kama ameshawahi kufanya kazi ya maji.

SRP ni kitu kingine na wengi hawaamini nikiwaambia. Uchaguzi wao ni Aprili, miaka inayogawanyika kwa mbili, na anaepiga ni mwenye ardhi ndani ya mipaka yao, na viti vingi kura inahesabiwa kwa eka. Mwenye eka 10 ana kura 10, mwenye kiwanja cha robo eka ana robo kura. Mpangaji hana kitu. Mahakama Kuu ilikubali utaratibu huu 1981. Kuna viti vinne ambavyo kila mwenye ardhi ana kura moja sawa, na hapo robo eka yako ina uzito uleule wa shamba. Kama umenunua nyumba mjini Phoenix, Tempe au Mesa, angalia kama upo ndani ya ramani yao na uombe karatasi ya kura mapema, haiji yenyewe kama ile ya Novemba.

Kuhusu bunge la jimbo, linaanza Jumatatu ya pili ya Januari, na kuna mfumo onlaini unaoitwa Request to Speak ambapo unaandika unaunga au unapinga muswada na wabunge wa kamati wanaiona hapohapo. Fungua akaunti kabla ya Januari, mara ya kwanza inawashwa kwenye mashine kule Capitol, mkienda nendeni wengi gari moja.

Ila pa kuanzia kabisa ni halmashauri ya jiji. Hawa wanasikia. Desemba 2018 madiwani wa Phoenix walikataa kupandisha bei ya maji, Januari 2019 wakarudi wakapitisha, pesa ikaenda kwenye miundombinu ya kujikinga na ukame, ndani ya mwezi mmoja wamegeuka, mimi nadhani kuna watu walikwenda kuongea nao. Tafuta ajenda ya mkutano, inatoka siku chache kabla, tafuta neno maji, jaza fomu ya kuomba kuongea. Kama Kingereza chako hakijakaa vizuri piga simu ofisi ya karani wa jiji siku kadhaa kabla uombe mkalimani wa Kiswahili, taja Kiswahili kabisa wasije wakakuletea lugha nyingine. Utapewa dakika kama mbili. Usisome historia ya maisha yako yote, mimi mara ya kwanza nilifanya hivyo na kengele ikalia sijafika kwenye ombi. Sema jina lako, mtaa wako, mpo wangapi nyumbani, bili ya mwezi uliopita ilikuwa ngapi, kisha ombi moja tu, kwa mfano, "naomba kabla hamjapandisha bei ya Julai mtueleze familia ya watu 7 kwenye apatimenti isiyo na mita yake inajikinga vipi." Swali lenye namba diwani anaona aibu kuliacha bila jibu mbele ya watu.

Ukimaliza mpe karani nakala ya ulichosema kwa maandishi na namba yako ya simu, alafu wiki inayofata piga ofisi ya diwani wa eneo lako, Phoenix wapo 8, uliza amefikia wapi. Na katikati ya Agosti kila mwaka angalia habari, kipindi hicho serikali kuu inatangaza makadirio ya Ziwa Mead, lile bwawa kubwa la Mto Colorado, kwa mwaka unaofuata, maji yakishuka chini ya futi 1,075 kutoka usawa wa bahari upungufu rasmi unatangazwa. Utaratibu huo unaisha mwisho wa 2026 na majimbo 7 yanavutana kuhusu mpya, kwahiyo bili ya mwezi huu itunze, utaihitaji ukisimama pale mbele.