Biblia Mbili Kwenye Mkeka Mmoja: Kuendesha Kikao cha Wakatoliki na Waprotestanti Kuhusu Maandiko na Mamlaka ya Kanisa

Ugomvi mwingi wa dini hapa Mwanza huanzia msibani. Watu wamekaa chini ya turubai Igoma au Kirumba, upande wa marehemu ni Wakatoliki, wakwe ni wa AICT (Africa Inland Church Tanzania) au Walokole. Katekista anasoma Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, pale Yuda anapochangisha fedha ili sadaka itolewe kwa ajili ya waliokufa vitani. Shemeji anafungua Biblia yake afuatilie. Anapekua kutoka Malaki, anafika Mathayo, Wamakabayo hawamo. Anamnong'oneza jirani, jirani naye hanao. Kabla jeneza halijatoka maneno yameshaanza: hawa wameongeza vitabu, wale wamepunguza.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayetakiwa kuyaweka sawa maneno hayo baadaye: mzee wa ukoo, kiongozi wa jumuiya, mwalimu wa Biblia, au wachumba wa madhehebu mawili. Usiufanyie kazi msibani. Subiri matanga yaishe.

Maandalizi

Waite watu sita hadi kumi, idadi sawa kila upande. Wakizidi kumi na wawili kikao kinageuka mhadhara, na kwenye mhadhara mtu husema ili ashangiliwe. Chagua nyumba ambayo pande zote mbili huingia kwa kawaida. Jumapili saa kumi jioni inafaa wengi. Jumamosi usiiguse kama miongoni mwa walioalikwa yupo Msabato, maana utakuwa umemfungia mlango kabla hajafika. Kikao kimoja ni dakika 90. Baada ya hapo watu huanza kurudia yale yale kwa sauti ya juu zaidi.

Vifaa: Biblia ya Union yenye vitabu 66, Biblia ya Habari Njema iliyochapwa pamoja na vitabu vya Deuterokanoni (vile vilivyomo kwa Wakatoliki na visivyomo kwa Waprotestanti), daftari na kalamu. Ukinunua Habari Njema, fungua ukurasa wa yaliyomo ukiwa bado dukani, kwa sababu lipo toleo lenye vitabu hivyo na lipo lisilokuwa navyo. Simu ziwekwe kando. Mtu mwenye simu hatafuti aya, anatafuta video ya mhubiri wa kumsemea.

Mwenyekiti awe mmoja, na kazi yake ni kushika saa na swali. Akianza kutoa hoja, ampishe mwingine kiti.

Tenganisha maswali mawili

Hapa ndipo vikao vingi hufia. Kuna swali la vitabu: ni vipi vilivyo Maandiko? Na kuna swali la mamlaka: nani mwenye neno la mwisho katika kuyafasiri? Yanahusiana, lakini ukiyabeba kwa pamoja kila jibu la swali moja litakimbilia jingine. Mmoja atasema "Wamakabayo", wa pili atajibu "Papa", na hapo hakuna aliyejibiwa. Kikao cha kwanza kiwe cha vitabu, cha pili cha mamlaka. Neno la mamlaka likijitokeza mapema, liandikwe daftarini lisubiri zamu yake.

Kikao cha kwanza: vitabu

Weka Biblia zote mbili wazi kwenye yaliyomo, katikati ya mkeka, muhesabu kwa sauti. Agano Jipya ni vitabu 27 kila upande. Lisemwe hilo kwanza na lirudiwe, kwa kuwa wapo watu wazima wanaoamini kwamba Wakatoliki wana Injili nyingine. Agano la Kale ni vitabu 39 kwa Mprotestanti na 46 kwa Mkatoliki. Saba vya ziada ni Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku, na Wamakabayo viwili. Zipo pia sehemu za ziada za Esta na za Danieli. Danieli wa Kikatoliki ana sura 14, wa Kiprotestanti ana 12.

Sasa historia. Kila upande unakuja na sentensi moja uliyorithi, na zote mbili zina kasoro.

Mkatoliki husema Martin Luther, aliyeanzisha matengenezo ya Kiprotestanti, alivitoa vitabu saba. Biblia kamili ya Luther ya mwaka 1534 ilikuwa navyo. Alivitenga katikati ya Agano la Kale na Jipya, akaandika kwamba havilingani na Maandiko Matakatifu ila vinafaa kusomwa. Hata Biblia ya Kiingereza ya mfalme James, ya mwaka 1611, ilichapwa navyo. Vilichopoka zaidi mikononi mwa watu baada ya mwaka 1826, chama cha Biblia cha Uingereza kilipoamua kutotoa fedha kwa Biblia zenye vitabu hivyo. Na Waanglikana, ambao hapa wana Dayosisi ya Victoria Nyanza, katika Kanuni zao 39 huviruhusu visomwe kwa mfano wa maisha, bila kujengea mafundisho. Kwa hiyo "Waprotestanti" si kauli moja.

Mprotestanti naye husema Roma iliviongeza kwenye Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Trento mwaka 1546. Orodha yenye vitabu hivyo ilikuwepo kwenye mitaguso ya Afrika Kaskazini, Hipo mwaka 393 na Karthago mwaka 397, na ikarudiwa Firenze mwaka 1442. Trento iliifunga rasmi ili asibaki mtu wa kuibishia. Hata hivyo Mprotestanti hajabaki mikono mitupu: Yeronimo mwenyewe, aliyetafsiri Biblia ya Kilatini, aliwapa uzito Wayahudi waliokuwa na vitabu vya Kiebrania tu, akavitilia shaka hivi vingine. Mashaka hayo yaliishi ndani ya Kanisa miaka zaidi ya elfu moja kabla ya Luther.

Mwenyekiti aombe kila upande uiseme upya sentensi yake kwa usahihi. Mkatoliki aseme "Luther alivishusha hadhi", Mprotestanti aseme "Trento ilifunga orodha iliyokuwa bado na wabishi". Mkiifikia hapo, kikao cha kwanza kimetimia.

Kikao cha pili: mamlaka

Anza kwa zoezi la dakika 20, na usilikwepe hata wakinung'unika. Wakatoliki waandike sentensi tatu zinazoeleza Waprotestanti wanaamini nini kuhusu Maandiko. Waprotestanti waandike tatu kuhusu wanachofundisha Wakatoliki. Wasomeane. Aliyeelezwa aseme "ndivyo" au "sivyo". Jaribio la kwanza huwa ni sivyo, karibu kila mara.

Makosa ni yale yale. Mkatoliki ataandika kwamba Mprotestanti hukubali Biblia tu na kila mtu anaifasiri apendavyo. Sivyo. "Maandiko peke yake" maana yake Maandiko ndiyo kipimo pekee kisichoweza kukosea; vipimo vingine vipo, ila viko chini yake na vinaweza kusahihishwa nayo. KKKT, yaani Walutheri, wana Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 na Katekisimo Ndogo ya Luther. AICT wana wachungaji na mabaraza. Hakuna kati yao anayemwachia muumini mmoja aamke asubuhi na fundisho jipya.

Mprotestanti naye ataandika kwamba Papa yuko juu ya Biblia, au kwamba hakosei. Sivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya tarehe 18 Novemba 1965 kuhusu ufunuo, unasema mamlaka fundishi ya Kanisa haiko juu ya Neno la Mungu bali inalitumikia. Na kutokosea kwa Papa, kulikotangazwa mwaka 1870, kuna mipaka: awe anafundisha kama mchungaji wa Wakristo wote, kwa mamlaka yake kuu ya kitume, juu ya imani au maadili, akikusudia kulifunga Kanisa zima. Tangu mwaka huo imetumika waziwazi mara moja, tarehe 1 Novemba 1950, kuhusu kupalizwa kwa Bikira Maria. Papa anaweza kutenda dhambi, na Wakatoliki wanajua hivyo.

Tofauti halisi iliyobaki ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani, na ni nzito. Mkatoliki anasema Maandiko na Mapokeo ni chemchemi moja ya ufunuo inayotufikia kwa njia mbili, na maaskofu pamoja na Papa wamepewa kazi ya kuifasiri bila kupotosha. Mprotestanti anasema hakuna baraza wala askofu asiyeweza kupotoka, kwa hiyo lazima kibaki kitu cha kumpimia.

Ukitaka mfano wa kushika mkononi, chukua mizani ya soko la samaki la Mwaloni. Mprotestanti atakwambia: mwenye mizani hakuutia uzito kwenye gunia la dagaa, aliusoma tu, vivyo hivyo Kanisa lilivitambua vitabu, halikuvitia pumzi ya Mungu. Mkatoliki atakubali, kisha atauliza: bila mizani inayoaminiwa na muuzaji na mnunuzi, mngejuaje gunia lina kilo ngapi? Orodha ya vitabu vya Biblia haimo ndani ya Biblia. Hiyo ndiyo hoja nzito ya Mkatoliki. Nzito ya Mprotestanti ni kwamba mizani nayo hukaguliwa, na anauliza ya Roma inakaguliwa kwa kipimo gani. Ziacheni zote mbili zikae mezani bila kuzifunika.

Aya za kusoma, na namna ya kuzisoma

Kanuni ni moja: hakuna aya inayosomwa bila tano za kabla na tano za baada. Mwenyekiti aisimamie hata kwa mchungaji, hata kwa padre.

Neno *mapokeo* lianzwe na Union, kwa sababu humo linaonekana kwa sura zake mbili. Marko 7:8, Yesu anawakemea wanaoiacha amri ya Mungu na kushika mapokeo ya wanadamu. 2 Wathesalonike 2:15, Paulo anawaambia wayashike mapokeo waliyofundishwa, "ama kwa maneno, au kwa waraka wetu." Kwa Kigiriki pia ni neno moja. Mwenye Marko peke yake hawezi kusema mapokeo yote ni mabaya, na mwenye Wathesalonike peke yake hajathibitisha kwamba kila desturi ya leo ilitoka kwa Paulo.

2 Timotheo 3:16 husomwa kwa haraka mno. Rudi aya ya 14 na 15: Timotheo anaambiwa akumbuke ni akina nani waliomfundisha, na maandiko aliyoyajua tangu utoto ni Agano la Kale. Mkatoliki atapafurahia hapo. Kisha msiiruke aya ya 17, ambapo mtu wa Mungu anakamilishwa kwa kila tendo jema. Mprotestanti ana haki ya kuuliza ni kitu gani kimepungua.

Mathayo 16:18 hapa Mwanza haihitaji maelezo mengi kuhusu mwamba. Nusu ya nyumba za vilimani zimekaa juu yake. Kinachohitaji maelezo ni mwamba ni nani. Hoja ya Kigiriki, kwamba jina la Petro ni *petros* na mwamba ni *petra*, isipewe zaidi ya dakika tano, kwa kuwa Yohana 1:42 inaonyesha jina lenyewe lilikuwa Kefa, na kwa Kiaramu neno ni hilo hilo. Mkatoliki aongeze Isaya 22:22 kuhusu ufunguo. Mprotestanti alete Mathayo 18:18, ambapo wanafunzi wote wanapewa kufunga na kufungua, na Wagalatia 2:11, Paulo alipompinga Petro uso kwa uso. Augustino, mwalimu wa Kanisa la kale, ambaye chuo kikuu cha Malimbe kinabeba jina lake na ambaye Luther alikuwa mtawa wa shirika lililofuata kanuni yake, aliwahi kuufasiri mwamba kuwa ni Petro, baadaye kuwa ni Kristo aliyekiriwa na Petro, akamwachia msomaji achague. Pande zote mbili humpenda, kwa hiyo wakumbusheni hilo moto ukipanda.

Ila kama muda ni mfupi, acheni yote hayo mkae na Matendo 15 kwa nusu saa. Gawaneni sauti: mmoja asome Petro, aya ya 7 hadi 11, mwingine Yakobo, 13 hadi 21, wa tatu barua, 23 hadi 29. Mko na mkutano ulioamua jambo, ukasema ilimpendeza Roho Mtakatifu na wao. Mna pia Yakobo akiupima uamuzi kwa maneno ya nabii Amosi kabla haujatoka. Muulizane: je, mkutano ule ungeweza kuamua kinyume na Amosi? Na je, Wakristo wa Antiokia wangeweza kuikataa barua? Hayo ni maswali mawili ambayo hayana mteremko wa kukimbilia.

Kikao kikiharibika

Mtu akirukia aya ya nne kabla ya kwanza kujibiwa, kalamu ya mwenyekiti iigonge meza na aya iandikwe ya baadaye. Akitaja sanamu, rozari, pombe ya wakleri au sadaka za manabii, hiyo ni hasira ya zamani inayotafuta mlango. Ipewe siku yake. Mzee akikatizwa na kijana, simamisha, kijana aombe radhi kwanza, maana jeraha hilo litakumbukwa zaidi ya hoja. Wachumba wakianza kuuliza watoto watabatizwa wapi, waelekezwe kwa paroko na mchungaji wao: ndoa ya namna hiyo inahitaji kibali upande wa Kikatoliki, na Mkatoliki huahidi kufanya awezavyo watoto wabatizwe kwake, naye mwenzake ajulishwe ahadi hiyo. Hilo halimaliziki kwenye mkeka.

Dakika kumi za mwisho ni za daftari. Chora mstari katikati ya ukurasa: kushoto yale mliyokubaliana, kulia yale yaliyobaki, kila moja kwa maneno ambayo mwenye imani hiyo ameyakubali mwenyewe. Mkatoliki mmoja na Mprotestanti mmoja watie sahihi chini. Daftari libaki kwa mwenye nyumba, na kikao kijacho kifunguliwe kwa kuusoma upande wa kulia.