Karakana kubwa ya useremala nyumbani: anza na njia ya ubao

Watu wakisikia unajenga karakana nyumbani, swali lao la kwanza ni umenunua mashine gani. Mimi nawauliza swali jingine: ubao wako utaingilia wapi, na kabati likiisha litatokea wapi? Hapo wengi wananyamaza. Nimekulia kwenye useremala hapa Tabora, nikimshikia baba kamba ya kupigia mstari. Baadaye nikapanga fremu mtaa wa Ng'ambo, nikawa narandia mbao karibu ya kuingia barabarani. Sasa karakana iko nyuma ya nyumba yangu Ipuli, mita 8 kwa 14. Haya naandika kwa mwenye kiwanja cha kutosha aliyechoka kulipa kodi ya fremu.

Kabla ya kuchimba msingi, nunua sadolini moja ya majivu kwa mama ntilie, au chokaa, uchore karakana yako chini, ukubwa halisi. Milango, madirisha, mashine, meza, vyote vichore. Penye mashine weka kreti za soda. Halafu shika ubao wa futi 12 wewe na mtu mwingine, mpite nao: kutoka getini, kwenye msumeno, kwenye randa, hadi mezani. Mimi nilipita na shemeji yangu, naye si seremala, ndiyo maana aliuliza la maana: "Sasa shemeji, ukishaupasua huu, mwisho wake unagonga wapi?" Piga hesabu naye. Ubao wa futi 12 unahitaji futi 12 mbele ya meno na futi 12 nyuma yake, na mtu anayesukuma anataka kama futi 3. Hizo ni futi 27 kwa mstari mmoja ulionyooka, bila nguzo wala rundo la viti vilivyochelewa kuchukuliwa. Kwa hiyo msumeno wa meza unakaa katikati ya chumba, ukitazama urefu wa jengo, si ukutani. Mashine ya randa na mashine ya unene, ile inayosawazisha unene wa ubao, zipange kwenye mstari huohuo au sambamba nao, zikopeshane nafasi, maana huwezi kuzitumia zote kwa wakati mmoja kama uko na kijana mmoja wa kazi.

Ukiwa na jengo fupi, kuna ujanja: toboa kidirisha ukutani, usawa wa meza ya msumeno, chenye kifuniko cha bati. Mbao ndefu inatokea nje, unaipokea kwa stuli ya roli.

Jengo lenyewe lilaze mashariki kwa magharibi. Tabora iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, jua la asubuhi na la jioni ndilo linaloingia ndani na kukupiga machoni, kwa hiyo kuta fupi ziwe huko, madirisha makubwa yawe kaskazini na kusini. Kiangazi jua linapita upande wa kaskazini, ndiyo maana meza yangu ya kazi za mkono iko chini ya madirisha ya kusini. Kuanzia Mei hadi Septemba napata mwanga mtulivu usio na kivuli kikali, na mstari wa penseli unaonekana. Upenu uache futi 3 kila upande, mvua ya Novemba haiji ikidondoka wima.

Kuta ni matofali ya kuchoma, hilo halina mjadala huku kwetu. Urefu mpaka lenta usiwe chini ya futi 10: plaiwudi ya futi 4 kwa 8 ukiisimamisha kisha ukaanza kuilaza, pembe yake hufika karibu futi 9 kwenda juu, na taa zinaning'inia hukohuko. Kenchi zifungwe kwa nondo zilizolala ndani ya lenta, maana upepo wa mvua za kwanza huwa unatafuta bati lililolegea. Halafu mwembe. Tabora kiwanja bila mwembe ni nadra, na kivuli chake kitamu, lakini tawi lisifike juu ya bati. Mwisho wa mwaka maembe yakianza kudondoka huku mikono yako iko jirani na meno ya msumeno, utanielewa.

Sakafu ni zege la inchi 4, na usipige niru. Niru ni ya sebuleni. Ikikutana na unga wa mbao inateleza vibaya. Iache na ukwaruzo kidogo. Na kabla zege halijamwagwa, laza mabomba ya kupitishia nyaya hadi kila mahali ulipochora mashine ya katikati. Waya unaotambaa sakafuni mahali watu wanatembea na mbao begani ni mtego.

Umeme ndio nitakaokaa nao kidogo. Tazama nguzo iliyo karibu na kwako. Kama ni nyaya tupu na zinapita mbili, hapo kuna umeme wa njia moja (single phase). Zikipita nne, umeme wa njia tatu (three phase) uko jirani, peleka ombi lako TANESCO mapema, kabla hujanunua mota hata moja. Tofauti yake ni hii: mota ya nguvu farasi 3 kwenye njia moja inakula kama ampea 15, kwenye njia tatu ni kama ampea 5 kila waya. Na wakati wa kuwaka, mota huvuta mara 5 hadi 7 ya hizo kwa sekunde chache. Ndiyo maana taa za nyumba zima hufifia, na mama watoto anakuja mlangoni kuuliza friji imefanywa nini. Karakana iwe na saketi zake na kibao chake cha swichi, mbali na za nyumba. Kama unabaki na njia moja, kaa kwenye mota za nguvu farasi 2 au 3, na usiwashe mbili kwa pamoja.

Kila mashine inayokata iwe na staata yake, ile yenye kitufe cha kijani na chekundu, si swichi ya ukutani. Staata nzuri ina sumaku ndani: umeme ukikatika inaachia, na umeme ukirudi mashine inabaki imelala mpaka ubonyeze tena. Swichi ya kawaida haijui hilo. Umeme unakatika, unakaa kumalizia chai, unasahau kuzima, unainama kuondoa kipande kilichokwama kwenye meno, na umeme unarudi. Sitaki kuendelea. Usikubali fundi umeme akwambie staata ni ghali. Mwambie akate gharama kwingine.

Wenye njia tatu wana jambo lao la pekee. Fundi akifungua nyaya popote, kwenye nguzo, kwenye mita, kwenye kibao chako, na akarudisha mbili zikiwa zimebadilishana nafasi, mota zako zote zinazunguka kinyume. Msumeno unaozunguka kinyume haukupasulii mbao, na nati inayoshika sahani ya meno, ambayo imetengenezwa ikazwe na mzunguko wa kawaida, inaweza kulegea. Mimi nimechora mshale wa rangi nyekundu kwenye kila mota. Baada ya matengenezo yoyote ya umeme, tunatoa mkanda wa mota, tunaiwasha mota mara moja na kuizima papo hapo, tunatazama mshale, ndipo tunafunga mkanda.

Ethi, yaani njia ya kupeleka umeme ardhini, nayo ipimwe mwezi wa kumi, ardhi ikiwa imekauka, si Machi wakati kila shimo lina maji. Mchanga wetu ukikauka unapitisha umeme kwa shida. Ethi yangu iko karibu na maji ya bafuni yanapomwagika.

Sasa mashine. Wengi wanaanza na msumeno wa meza. Mimi nasema anza na randa pamoja na mashine ya unene, hata kama ni ile iliyounganishwa. Kupasua unaweza kupasua kwa msumeno wa umeme wa mkononi na rula ndefu iliyobanwa kwa klampu; kuranda mninga kwa mkono kutwa nzima, bega linakuambia kufikia saa nane. Na ubao usionyooka hautoi kiungo kizuri hata uwe na msumeno wa kiwanda. Mashine kuukuu ya chuma kizito naipenda kuliko mpya nyepesi, mradi uikague: shika shafti kwa mikono miwili uisukume juu na chini, ikicheza, beringi zimekwisha, izungushe polepole usikilize. Meza yake iwekee rula ya chuma na utazame mwanga chini yake.

Nenda polepole na klampu lakini usiache kununua. Hazitoshi kamwe.

Banda la mbao ndilo linalosahaulika, na ndilo linaloamua kama mlango wako utafunga mwezi wa pili. Mbao nyingi tunazoletewa hapa, mninga na mkora kutoka Sikonge, Urambo na Kaliua, hufika zikiwa bado na maji. Jenga banda nje, paa la bati, pembeni wazi ili upepo wa kiangazi upite, jua lisipige mbao moja kwa moja. Rundo liinuliwe kwa matofali kiasi cha futi moja na nusu, uweze kuinama na kuona chini yake. Tabora ni ya mchwa: ukiona kijia chembamba cha udongo kinapanda tofali, siku hiyohiyo kibomoe ufuate kinakotoka. Kati ya ubao na ubao weka vijiti vya inchi moja kwa moja, kila baada ya futi 2, vyote vikae wima juu ya vyenzake. Kijiti kikitoka kwenye mstari, ubao wa juu unapinda hapo. Ncha za mbao zipake rangi iliyobaki, maana maji hutokea kwa kasi zaidi nchani na hapo ndipo ubao hupasukia.

Watu hukwambia mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Ni kipimo cha kukisia. Cha uhakika ni mizani. Kata kipande cha futi 2 kutoka katikati ya ubao, si nchani, kipake rangi pande zote mbili kilipokatwa, kiandike uzito na tarehe kwa penseli ya seremala, kirudishe katikati ya rundo. Kila mwezi kipime kwenye mizani ndogo ya dukani. Uzito ukiacha kushuka, mbao imefika mahali hewa ya hapa inaweza kuifikisha. Halafu ilete ndani ya karakana ikae wiki kadhaa kabla hujaikata. Na mbao ya kiangazi usiibane sana kwenye fremu ya paneli, masika inavimba, acha nafasi.

Kila mzigo ukiingia, hakikisha una alama ya nyundo na hati ya kusafirishia kutoka kwa wakala wa misitu, TFS. Hati hizo nimezitoboa nikazining'iniza kwenye msumari karibu na mlango. Akija mkaguzi, hunioni nikifungua sanduku. Leseni ya biashara, TIN, usajili wa mahali pa kazi OSHA na ukaguzi wa zimamoto, vyote vifuate. Kufanyia kazi nyumbani hakukuondolei.

Vumbi la mninga linawasha pua na wengine linawabana kifua, na vumbi la mbao kwa jumla limeorodheshwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani miongoni mwa visababishi vya saratani ya pua. Kitambaa cha kufunga mdomo hakitoshi. Nunua barakoa za vumbi zenye kukaza usoni. Feni ya kuvuta, bomba la inchi 4 kwa kila mashine, na pipa la lita 200 la kudondoshea maranda, vyote viwekwe nje, upande ambao upepo wa kiangazi unaelekea. Kwangu ni magharibi, kwenye mihogo. Kamba ya nguo ilihamishiwa mashariki kwa amri ya mwenye nyumba, yaani mke wangu. Maranda hayalali: wafuga kuku wa mtaani huja na viroba vyao. Usiwape ya mbao iliyotiwa dawa.

Meza ya kazi isiwe na urefu wa mtu mwingine. Simama wima, mikono ikining'inia. Juu ya meza pafike kwenye kifundo cha mkono. Ubao wa juu uwe mnene, inchi 3 ya mbao ya mtundu inatosha, mninga ni anasa hapo. Jiriwa, kile kibano cha mezani, ikae kushoto kama unatumia mkono wa kulia.

Chumba cha vanishi kitenge, kwa ukuta na mlango wake, nyavu madirishani, na kisiwe na swichi inayotoa cheche ndani. Tina, ile ya kuyeyushia vanishi, isiwekwe kule kwa galoni. Ingiza ya kazi ya siku. Matambara yenye mafuta ya kitani yaanike nje moja moja, yakirundikwa hupata moto yenyewe hata kuwaka. Ndoo za mchanga na mtungi wa kuzimia moto, ule wa unga, viwe mlangoni, si ndani kabisa.

Mashine ya kukereza iache mwaka wa pili. Badala yake tengeneza vizuizi vya kurudia kipimo, maana kazi ya Tabora inayokuja kwa mamia ni mizinga ya nyuki. Vijiti vya juu vya mzinga wa kisasa vinatakiwa upana wa milimita 32. Vikizidi au vikipungua nyuki wanaunganisha masega, na mfugaji anakurudishia. Funga kizuizi cha mbao ngumu kwenye meza ya msumeno kwa boliti mbili, pima kijiti cha kwanza, cha kumi, na cha mwisho, na ndani ya mzinga usipake vanishi yoyote.