Kuongoza kikundi cha mwani kwa uadilifu

Mwenyekiti anayetaka kuwatumikia wakulima wa mwani wa Mlingotini, Bagamoyo, atazame maji kwanza ndipo atangaze kikao. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hukupwa mbali na akina mama wako shambani wakifunga mbegu kwenye kamba na kuvuna. Kikao cha siku hizo huhudhuriwa na wasio na kamba hata moja baharini, nao ndio hupitisha maamuzi. Kiwekeni wakati wa maji mafu, bahari isipokupwa mbali.

Kazi kubwa iko kwenye mizani. Mkulima ameshafunga, ameshavuna, ameshaanika; akipunjwa hapa, jasho lote limekwenda. Siku ya mauzo, kabla gunia la kwanza halijapandishwa, pimeni ndoo tupu, kisha tieni lita 20 za maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwa chupa ya lita moja. Mizani lazima iongezeke kilo 20. Ikiongezeka 18, basi mwenye gunia la kilo 50 atalipwa kilo 45. Msitumie maji ya bahari, ni mazito zaidi na yatawapotosha. Mizani ikishindwa, mauzo yasimame hadi ipatikane nyingine, hata kama mnunuzi anasema gari linamsubiri. Msomaji mmoja awe wa mnunuzi na mmoja wa kikundi, wasome kwa sauti mwenye mwani akiwa amesimama pale pale, na risiti iandikwe kwa nakala: moja ya mwenye mwani, moja ya kikundi.

Mwani wa viongozi upimwe mwisho. Fedha za mnunuzi zikiisha njiani, atakayesubiri awe kiongozi.

Takrima ya mnunuzi, hata ikiitwa nauli au vocha, itangazwe kikaoni na iingie kwenye daftari la kikundi. Aliyekula cha mnunuzi kwa siri hatakuwa na mdomo wa kuikataa mizani mbovu.

Sanduku la akiba huwa na kufuli tatu. Funguo zikae kwa watu watatu wa nyumba tatu wasio ndugu, na sanduku lenyewe kwa mtu wa nne. Utaratibu huu huharibika polepole: mmoja anasafiri, anamwachia mwenzake ufunguo, na baada ya miezi funguo zote ziko nyumba moja. Katibu aulize kila kikao, “Ufunguo wako uko wapi?” na kila mmoja auonyeshe. Wahesabu fedha wawili wahesabu hadharani na salio litajwe kwa sauti. Kikao kinachofuata, kabla kufuli hazijafunguliwa, mwanachama yeyote aulizwe salio lilikuwa shilingi ngapi. Hivyo hata asiyejua kusoma analinda fedha zake. Malipo ya mauzo yasipitie simu binafsi ya mwenyekiti.

Ombi la mkopo la kiongozi lijadiliwe mwisho, yeye akiwa nje. Kama katiba inaruhusu mara tatu ya hisa, naye ni mara tatu, kwa riba ile ile na faini ile ile ya kuchelewa. Vikundi vya akiba vinatambuliwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, daraja la nne, na usajili hupitia halmashauri. Afisa maendeleo ya jamii atawaelekeza.

Katika mjadala, mwenyekiti aseme mwisho. Kwetu pwani mdogo hampingi mkubwa mbele za watu; bibi akishatoa kauli, binti atanyamaza hata akiona kosa kwenye hesabu. Anzeni na wadogo. Malalamiko dhidi ya kamati yapokelewe na mtu anayeheshimika asiye mjumbe.

Robert K. Greenleaf, Mmarekani aliyeeneza fikra ya kiongozi mtumishi tangu mwaka 1970, alimpima kiongozi kwa kuangalia kama wanaotumikiwa wanakua, na mnyonge anapata nini. Mlingotini kipimo hicho kina majina: mwaka ukiisha, orodhesheni waliojifunza kusoma mizani, kuandika daftari na kuzungumza na mnunuzi. Kama ni wale wale watatu, kila mwenye cheo apewe mwanafunzi mmoja wa kukaa naye kila siku ya mauzo. Makabidhiano yafanyike kikaoni: sanduku, funguo, madaftari, risiti na orodha ya wadaiwa, kila kimoja kikisomwa na kusainiwa na anayetoka, anayeingia na mwanachama mmoja wa kawaida.