Kupigania uwakilishi sawia Kenya: kutoka rasimu ya mswada hadi kura ya maoni

Uwakilishi sawia ni kila chama kupata viti vya bunge kwa kadiri ya kura zake, na kuuleta Kenya ni kurekebisha katiba. Kampeni nyingi za kurekebisha katiba nchini Kenya huanza na fulana na fomu za sahihi. Hapo ndipo mambo huanza kuharibika. Cha kwanza kushika mkononi ni mswada uliokamilika, unaotaja idadi ya viti, namna ya kuvigawa na kila kifungu utakachogusa, kwa sababu sahihi ya kwanza ikishatiwa, maandishi hayafai kuguswa tena. BBI, mswada wa kurekebisha katiba uliozuiwa mahakamani, uliwaachia wengine funzo hilo. Machi 31, 2022, Mahakama ya Juu ilisema jedwali la pili la mswada ule, lililogawa maeneobunge 70 mapya, lilikiuka katiba kwa kuwa umma haukushirikishwa. Mahakama hiyo hiyo ilisema Rais hawezi kuwa mwanzilishi wa mchakato wa Kifungu cha 257, ule wa kurekebisha katiba kwa kukusanya sahihi. Njia hiyo ni ya wananchi. Mkitaka kuitumia, hakikisheni hakuna afisa wa ikulu kwenye kamati yenu, hata kama anajitolea.

Kujua kinacholalamikiwa

Bunge la Taifa lina wabunge 290 wa maeneobunge, wawakilishi wa kike wa kaunti 47 na wateule 12. Jumla 349 ukimwacha Spika. Katika eneobunge, anayewazidi wenzake kwa kura moja huchukua kiti, na kura za wengine wote haziendi popote. Watu wengi hudhani viti 12 vya uteuzi vinasawazisha hali hiyo kwa kuwa Kifungu cha 90 kinataja uwakilishi sawia na orodha za vyama. Havisawazishi. Kifungu hicho kinagawa viti hivyo kwa kuangalia viti ambavyo chama kimeshinda, wala si kura kilizopata, kwa hiyo aliyezidishiwa mwanzo huzidishiwa tena. Tanzania, pamoja na malalamiko yote kuhusu viti maalumu vya wanawake, huvigawa kwa hesabu ya kura za wabunge kwa vyama vilivyofikisha asilimia 5. Tofauti hii ijueni kwa moyo. Ndiyo mjadala wa kwanza mtakaokutana nao redioni.

Kuchagua mfumo mmoja

Usiende kwa watu na menyu. Ukiwauliza kama wanataka orodha, mseto au kura ya kupanga wagombea kwa nambari, watakwambia waache walivyo. Njia zenye maana kwa Kenya ni mbili.

Ya kwanza ni kufanya kila kaunti kuwa jimbo moja lenye viti vingi, vyama vipeleke orodha za wagombea, na viti vigawanywe kwa kadiri ya kura. Haiongezi mbunge hata mmoja. Ila Lamu na Isiolo zina viti 2 kila moja, Nairobi 17. Kwa viti 2 hakuna usawia wa kuzungumzia. Chama cha tatu hakipati kitu hata kikiwa na robo ya kura. Isitoshe, unaondoa eneobunge, na pamoja nalo ofisi ya NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa eneobunge) ambako mzazi huenda kuomba basari. Hilo pekee linatosha kuua kampeni vijijini.

Ya pili ni mseto wa kufidia: mbunge wa eneo anabaki, kisha viti vya orodha vinajazia mpaka jumla ya viti vya chama ilingane na kura zake. Ujerumani na New Zealand wanautumia. Mfano unaotufaa zaidi ni Lesotho. Mwaka 1998 chama cha LCD kilipata karibu asilimia 60 ya kura na viti 79 kati ya 80. Ghasia zikazuka, majeshi ya jirani yakaingia, na kufikia uchaguzi wa 2002 nchi ilikuwa na viti 80 vya maeneo na 40 vya kufidia. Mwaka 2007 vyama vikubwa vikapata ujanja: chama kinasimamisha wagombea wa maeneo, chama rafiki kinaomba kura za orodha, na vyote viwili vinavuna. Lesotho iliziba pengo hilo kwa karatasi moja ya kura: unapompigia mgombea, kura hiyo hiyo inahesabiwa kwa chama chake. Kwa siasa za miungano za Kenya, ujanja huo ungeanza siku ya kwanza. Andikeni karatasi moja kwenye mswada, msiiachie sheria ya baadaye, na mseme wazi kura za mgombea huru zinahesabiwaje.

Kuhusu idadi, ushauri wetu ni kutozidi 349. Kila kiti kinachoongezwa ni zawadi kwa mpinzani. New Zealand ilipopiga kura ya mwisho mwaka 1993, waliopinga walipiga kelele juu ya kutoka wabunge 99 hadi 120, na mseto ukapita kwa asilimia 53.9 tu, ilhali mwaka mmoja kabla asilimia 84.7 walikuwa wametaka mabadiliko. Huku kwetu, ambako neno "mzigo" liliwahi kuwa jina la kampeni nzima ya kupunguza wabunge, Punguza Mizigo, hutapona. Mgao unaowezekana ni maeneo 232 na orodha 117, badala ya 290, 47 na 12 za leo. Orodha inakuwa theluthi moja, kama Lesotho. Orodha ikipishanisha mwanamke na mwanamume, inaleta wanawake wapatao 58, zaidi ya 47 wa viti vya kaunti vinavyofutwa. Hesabu hiyo wapelekeeni viongozi wa kina mama kabla hawajasikia kutoka kwa wengine kwamba mnawanyang'anya viti.

Vifungu vya kugusa ni 89, kinachotaja maeneobunge 290, 90 na 97, pamoja na kifungu cha mpito. Mabadiliko yaanze uchaguzi mkuu unaofuata ule ulio karibu, ama sivyo tume ya uchaguzi na mipaka (IEBC) haitapata muda wa kuchora mipaka. Seneti iacheni. Wadi ziacheni kabisa. Sababu inakuja hapa chini.

Njia mbili za mswada

Kifungu cha 256 hupitia bungeni na hudai theluthi mbili ya wabunge wote katika kila bunge: 233 Bunge la Taifa, 45 Seneti. Mswada wa jinsia, wa kuongeza wanawake bungeni, umeshaangukia hapo kwa kukosa hao 233, na ule haukumwondoa mbunge yeyote kwenye eneo lake. Msipoteze miaka.

Kifungu cha 257 kinataka sahihi za wapigakura milioni moja, IEBC izithibitishe, kisha mabunge ya kaunti 24 kati ya 47 yaidhinishe ndani ya miezi 3. Baada ya hapo mswada huenda kwa mabunge mawili ya kitaifa na kuhitaji wingi wa kawaida: 175 na 34. Na hapa ndipo wengi hawasomi mpaka mwisho: bunge mojawapo likikataa, mswada haufi, unakwenda kwenye kura ya maoni. Mbunge anaweza kuuchelewesha na kuutukana, lakini kuuzika hawezi. Mwenye uwezo wa kuuzika ni mwakilishi wadi (MCA), anayeketi katika bunge la kaunti. Kwa hiyo kila neno la mswada lisomwe kwa jicho la MCA wa kaunti ya mbali: je, linagusa kiti chake, pesa za wadi yake, au nafasi yake ya kuwania ubunge kesho?

Punguza Mizigo ilivuka sahihi mwaka 2019, ikaangushwa na mabunge ya kaunti. BBI ilipita katika zaidi ya kaunti 40, lakini ikumbukwe kwamba Februari 2021, majuma yale yale ya mjadala, Tume ya Mishahara iliidhinisha ruzuku ya gari ya shilingi milioni 2 kwa kila MCA. Ninyi hamna magari ya kugawa. Mlicho nacho ni hoja moja ambayo MCA huielewa haraka: orodha yenye viti 117 ni mlango wa bungeni kwa mtu ambaye hawezi kushindana na mfuko wa mbunge aliyeko.

Sahihi

Milioni moja ni chini ya asilimia 5 ya wapigakura milioni 22.1 waliokuwa kwenye daftari mwaka 2022. Ugumu hauko kwenye wingi, uko kwenye usahihi. Okoa Kenya, kampeni nyingine ya kurekebisha katiba, ilipeleka takriban milioni 1.6; IEBC ilikubali 891,598. Safu zenye jina bila sahihi, nambari ya kitambulisho yenye tarakimu pungufu, mtu mwenye kitambulisho ambaye hakuwahi kujiandikisha kupiga kura: zote hutupwa. Mkikosea kwa kiwango hicho, mtahitaji milioni 1.8 ili kupona. Hiyo ni sahihi 1,240 hivi kwa kila wadi kati ya wadi 1,450, au fomu 125 zenye safu 10 kila moja. Rimu 363 za karatasi, kabla ya zile zitakazonyeshewa.

Fomu moja iwe na wadi moja tu, jina la wadi lichapishwe juu kabla ya kutoka ofisini. Karani aangalie kitambulisho chenyewe, asiandike nambari ya kuambiwa, na aulize: "Mwaka 2022 ulipigia kura kituo gani?" Anayesita kujibu huenda hayumo kwenye daftari. Msilipe karani kwa idadi ya sahihi. Akilipwa hivyo, jioni moja ataketi na kuandika ukoo wake mzima kwa mkono mmoja. Mlipeni kwa siku. Kila jioni msimamizi achague fomu 2 kati ya 10 na kuwapigia simu watu 3 katika kila fomu. Mtu mmoja akikana, fomu yote inawekwa kando. Katika BBI tume ilichapisha majina ili watu wajitazame, na wapo waliosema hawakutia sahihi popote.

Tarajieni hofu ya kutoa kitambulisho. Mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama wasivyovijua, na hawajasahau. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawahusu: jisajilini kwa Kamishna wa Data, fomu zifungiwe kabatini, na msizipige picha za kutuma WhatsApp. Hilo la WhatsApp ndilo huvunjwa kila mara.

Tazameni pia kalenda. Kuanzia mapema 2023 hadi Julai 2025 IEBC haikuwa na makamishna, na bila makamishna hakuna wa kuidhinisha sahihi. Mkikusanya mapema mno, daftari linabadilika na watu wanafariki mkingali mmehifadhi maboksi.

Kueleza barazani kwa maharagwe

Hotuba ya usawia haimshiki mtu. Chukueni punje 100: nyayo 42, ndengu 31, mbaazi 18, njahi 9. Kila aina ni chama. Tafuteni vikombe 10 na viti 10 vya plastiki.

1. Katika vikombe 8 wekeni nyayo 4, ndengu 3, mbaazi 2, njahi 1. Cha tisa: nyayo 5, ndengu 3, mbaazi 1, njahi 1. Cha kumi: nyayo 5, ndengu 4, mbaazi 1.
2. Mwiteni kijana mmoja ahesabu kikombe baada ya kikombe, aliyeongoza apewe kiti. Nyayo watachukua viti vyote 10 kwa punje 42. Nyamazeni kidogo. Watu wataanza wenyewe.
3. Mwagieni punje zote kwenye sinia moja. Gawanyeni idadi ya kila aina kwa 1, kwa 3, kwa 5, kwa 7, muandike majibu ubaoni, mviringe yale 10 makubwa. Nyayo wanapata viti 4, ndengu 3, mbaazi 2, njahi 1.

Njia hiyo ya 1, 3, 5, 7 ndiyo inayotumika New Zealand. Kosa la kawaida ni kuchanganya vikombe kwa kukisia. Nyayo wakishinda 7 tu, onyesho limepoteza makali. Hesabuni nyumbani. Na msitaje vyama vya kweli, hata kwa utani, la sivyo nusu ya baraza itaondoka na chama chake.

Kura ya maoni

Muundo wa Bunge haumo kwenye orodha ya Kifungu cha 255 inayolazimisha kura ya maoni, ila "kazi za Bunge" zimo, na kuna wakili atakayedai huwezi kubadilisha moja bila nyingine. Jipangeni kana kwamba kura ipo. Zaidi ya nusu ya kura za taifa haitoshi peke yake kama ni lazima chini ya 255: katika angalau kaunti 24, asilimia 20 ya waliojiandikisha lazima wajitokeze.

British Columbia, Kanada, ilipata asilimia 57.7 ya "ndiyo" mwaka 2005 na ikashindwa kwa sababu kizingiti kilikuwa 60. Uingereza mwaka 2011 ilikataa mfumo mpya kwa asilimia 67.9, baada ya wapinzani kuuliza pesa za kuuanzisha zingejenga nini hospitalini. Swali hilo litaletwa kwenu likiwa na picha ya mtoto au ya barabara mbovu. Jibu ni moja, fupi, na kila msemaji alitoe kwa maneno yale yale: wabunge ni 349 leo, watakuwa 349 kesho.

Swali la pili ni nani atakayepanga orodha, na hapa wapinzani wana haki ya kuuliza, kwa sababu mchujo wa vyama vyetu unajulikana. Wekeni kwenye mswada kwamba orodha huwasilishwa kabla ya uchaguzi, huchapishwa, na haibadilishwi baada ya kura kupigwa. Kisha chagueni kaunti 28 za kufanyia kazi, si 24, kwa sababu zipo zitakazonyeshewa na mvua siku hiyo na zipo ambazo gavana atageuka wiki ya mwisho.