Somo: Sikwensa ya hatua nane na sinthesaiza yake, kwa IC tatu na betri ya volti 9

Wakuu, kabla hujaanza kuulizia bei ya sinthesaiza ya moduli (chombo cha kutengeneza sauti kwa umeme, cha vipande vinavyounganishwa kwa waya) kutoka Ulaya au Marekani, jenga hii kwanza. Ni IC tatu (vile vipande vyeusi vyenye miguu mingi na saketi nzima ndani), betri ya mraba ya volti 9, bredibodi (ubao wa matundu ya kuchomekea) na waya. Hakuna kulehemu, hakuna umeme wa ukutani, na ukikosea unachomoa waya unachomeka pengine. Ukimaliza utakuwa na chombo kinachojipigia noti nane kwa mzunguko. Zaidi ya hapo, utakuwa umeona kwa macho kinachofanyika ndani ya yale makabati yenye waya za kila rangi: kila kitu ni volti. Mapigo ni volti, noti ni volti, ukimya nao ni volti. Ndiyo maana mle ndani unaweza kuchomeka hiki kwenye kile na kitu kikatokea.

Wengi huanza na kinanda. Mimi nashauri sikwensa, kifaa kinachopitia noti moja moja chenyewe, na ushauri huu ni wa siku nyingi. Mwaka 1963 watunzi wa muziki Morton Subotnick na Ramon Sender wa San Francisco Tape Music Center walimwendea Don Buchla awatengenezee chombo cha umeme, maana muziki wao ulikuwa unawadai kukata tepu na kuziunga kipande kwa kipande. Buchla akawapa, pamoja na mengine, sikwensa: unapanga volti hatua kwa hatua, mashine inazipitia yenyewe. Kinanda cha piano hakukitaka. Robert Moog, aliyeanza kutengeneza sinthesaiza mwaka 1964 huko mashariki mwa Marekani, alikikubali, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo jina lake kuvuma zaidi. Saketi yetu inatoka ukoo wa tatu, wa watu wa IC za bei poa: Stanley Lunetta wa Sacramento, California, aliyetengeneza vyombo vya sauti kwa IC za kuhesabia ambazo hazikukusudiwa muziki hata kidogo. Mpaka leo vyombo vya aina hii huitwa Lunetta.

Vifaa

IC: CD40106, CD4017 na CD4046. Ya 4017 utaipata kirahisi kuliko zote kwa sababu ndiyo inayoendesha taa za kukimbizana. Ulizia maduka ya vipuri vya elektroniki Kariakoo, au Luthuli Avenue kama uko Nairobi. Ya 4046 huenda ukaitafuta kidogo. Herufi za mbele zikiwa HEF badala ya CD, chukua tu. Ila muuzaji akikupa 74HC4017 au 74HC4046, kataa. Namba zinafanana lakini hizo ni za volti 2 hadi 6; betri yetu itaziunguza. Za CD zinavumilia kuanzia volti 3 hadi 15 bila wasiwasi.

Volyumu (vile vizungushio vya redio) nane za 100K na moja ya 1M (K ni omu elfu, M ni omu milioni). Dayodi nane za 1N4148. Taa ndogo za LED tisa. Risista: za 10K kama kumi na mbili, za 100K tatu, ya 4.7K moja. Kapasita: mbili za maikrofaradi 1, mbili za nanofaradi 10, na tatu za nanofaradi 100, moja kwa kila IC. Hela ikibana, anza na volyumu nne na dayodi nne, nitaeleza.

IC inashikwa hivi: ule mkato wa kichwani ukitazama juu, mguu wa 1 ni wa kushoto juu. Unahesabu kushuka kushoto, kisha unapanda kulia. Kila IC iwekee kapasita ya nanofaradi 100 kati ya chanya na hasi, karibu na miguu yake. Wengi huiruka hii halafu wanashangaa sikwensa inarukaruka hatua.

Kwanza: mapigo

Kwenye 40106, mguu wa 14 ni chanya, wa 7 ni hasi. Ndani mna vigeuzi sita. Ikiingia volti ya juu, inatoka ya chini, na kinyume chake. Weka kapasita ya maikrofaradi 1 kutoka mguu wa 1 kwenda hasi (upande wake wa hasi uelekee hasi). Kutoka mguu wa 2 rudi mguu wa 1 kupitia risista ya 10K ikifuatana na volyumu ya 1M. Basi, hayo ni mapigo tayari: kapasita inajaa, kigeuzi kinageuka, inamwaga, kinageuka tena.

Unganisha mguu wa 2 na wa 3, na mapigo yachukulie mguu wa 4. Hapo weka LED na risista ya 4.7K kwenda hasi uone inavyopepesa. Miguu ya 5, 9, 11 na 13 yote ipeleke hasi. Mguu wa kuingiza ulioachwa hewani kwenye IC hizi unadaka kila umeme unaopita chumbani, mpaka wa kidole chako.

Kasi ni takriban 1.2 gawanya kwa risista mara kapasita. Kwa maikrofaradi 1 na 100K unapata kama mapigo 12 kwa sekunde. Volyumu ikifunguliwa hadi mwisho linabaki pigo moja na ushee.

Pili: sikwensa

4017: mguu wa 16 chanya, wa 8 hasi, wa 13 hasi. Mapigo kutoka mguu wa 4 wa 40106 yaingie mguu wa 14. Kila pigo likipanda, chanya inahama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, ila miguu haikupangwa kwa mfuatano. Andika pembeni: 3, 2, 4, 7, 10, 1, 5, 6. Hizo ndizo hatua zako nane. Hatua ya tisa, mguu wa 9, iunganishe na mguu wa 15 ili ikifika hapo irudi mwanzo. Wenye volyumu nne: mguu wa 10 ndio uende kwenye 15.

Kila hatua iwekee LED na 10K kwenda hasi. Washa sasa hivi, kabla ya kuendelea. Taa zikikimbizana vizuri, endelea. Zisipokimbizana usiongeze waya hata mmoja.

Kisha volyumu. Mguu mmoja wa pembeni kwenye hatua, wa pembeni mwingine hasi, wa katikati upite kwenye dayodi. Upande wa dayodi wenye mstari mweusi uelekee kwenye waya mmoja wa pamoja, ambao dayodi zote nane zinakutana. Waya huo uwekee 100K kwenda hasi. Dayodi zipo ili hatua iliyo juu isinyonywe na saba zilizo chini. Weka mita kwenye waya wa pamoja, mapigo yakiwa ya polepole, uzungushe volyumu moja moja: utaona volti zinapanda ngazi na kushuka kama ulivyozipanga. Huo ndio wimbo wako, bado hauna sauti.

Tatu: sauti

4046: mguu wa 16 chanya, wa 8 hasi, wa 5 hasi, wa 3 na wa 14 hasi. Kapasita ya nanofaradi 10 kati ya mguu wa 6 na wa 7. Risista ya 100K kutoka mguu wa 11 kwenda hasi. Mguu wa 12 uache. Waya wa pamoja wa sikwensa uingie mguu wa 9, na sauti inatoka mguu wa 4.

Usiipeleke moja kwa moja kwenye spika ya mtu. Pitisha kwenye 100K, halafu 10K kwenda hasi. Kwenye makutano ya hizo mbili chukua sauti kupitia kapasita ya maikrofaradi 1 (chanya yake itazame saketi), ndiyo iende kwenye jeki ya amplifaya. Anza na sauti ya chini. Hedifoni msivae mpaka mjue kinachotoka.

Volti ikifika juu kabisa utapata kama hezi 1,000 (mitetemo 1,000 kwa sekunde). Sasa angalia jambo moja tamu: chini ya volti moja hivi, osileta hii (sehemu ya 4046 inayotoa sauti) karibu inalala. Maana yake hatua uliyoizungusha hadi chini inakuwa pumziko, bure, bila kifaa cha ziada. Midundo mizuri niliyoipata kwenye saketi hii imetokana na mapumziko kuliko noti.

Nne: michezo

Chomoa mguu wa 5 wa 4046 kutoka hasi, uunganishe na mguu wa 2 wa 40106. Mguu huo wa 5 ukiwa juu, osileta inanyamaza. Sasa kila noti inalia nusu ya pigo na kunyamaza nusu, na wimbo unapata meno.

Halafu jaribu mguu wa 12 wa 4017. Huo unakuwa juu kwa hatua tano za kwanza, chini kwa zilizobaki. Kwenye mzunguko wa nane unapata tano kwa tatu. Upeleke kwenye mguu wa 5 wa 4046 badala ya ule wa awali: kimya hatua tano, sauti tatu. Ukitaka kinyume chake, upitishe kwenye kigeuzi kilichobaki: uchomoe mguu wa 5 wa 40106 kutoka hasi, uingizie hapo, utokee mguu wa 6.

Maswali ya wanachama

*Mdau wa Morogoro:* Mkuu, taa ya kwanza inawaka tu, haihami. Nimebadilisha 4017 mbili.

Jibu: IC zako ni nzima, zitunze. Angalia mguu wa 15 kwanza. Kama waya wake haukushika vizuri, IC inajiona inaambiwa irudi mwanzo muda wote. Kisha wa 13, lazima uwe hasi. Vyote viko sawa? Punguza mapigo, weka mita mguu wa 14. Isipopanda na kushuka, tatizo liko kwenye 40106.

*Mdau wa Tanga:* Shikamoo mwalimu. Je, naweza kutumia chaja ya simu ya volti 5 au pawabenki?

Jibu: Marahaba. IC zitafanya kazi, ila noti za juu zitapungua na volyumu zitakuwa na nafasi ndogo ya kuchezea. Chaja nyingi za bei rahisi zina kelele zinazoingia kwenye sauti. Pawabenki ni safi zaidi, lakini nyingi hujizima zikiona saketi inakula umeme kidogo mno zikadhani simu imejaa. Betri inatosha.

*Mdau wa Mombasa:* Mbona volyumu zangu noti za chini zimebanana sana, za juu zimetawanyika? Kutafuta wimbo wa kueleweka ni kazi.

Jibu: Umesikia vizuri, dada. Oktavu ni kuzidisha hezi mara mbili, na osileta hii inaongeza hezi kwa kiasi kilekile kwa kila volti. Kutoka volti 4 hadi 8 ni kama oktavu moja tu. Zote nyingine zimebanana chini. Moog alitatua hilo kwa kufanya volti moja iwe oktavu moja, na wengi wakamfuata. Si wote: sinthesaiza ya Korg MS-20 ya mwaka 1978 ilitumia hezi kwa volti, kama yetu. Ukitaka osileta inayokaa kwenye tyuni, tafuta IC ya AS3340 inayotengenezwa Riga, Latvia. Ni nakala ya IC ya CEM3340 iliyokuwa kwenye sinthesaiza za Prophet-5 za baadaye. Hiyo ni saketi nyingine, na inataka uvumilivu wa kuirekebisha. Kwa sasa sikiliza midundo, usiisake do-re-mi.

*Mdau wa Mbagala:* Kaka, inafika spidi ya singeli?

Jibu: Inafika na kupita. Chukua mapigo 200 kwa dakika, kila pigo ukiligawa hatua nne: ni hatua 13 na kidogo kwa sekunde, yaani volyumu ya mapigo iwe kama 90K pamoja na ile risista. Hatua nane zinakuwa mapigo mawili tu, kwa hiyo mzunguko unarudi haraka sana na ndiyo raha yake. Rekodi dakika kadhaa ukizungusha volyumu moja moja, halafu ukakate kwenye kompyuta.

*Mdau wa Arusha:* Sauti inakwaruza masikio, kama mbu. Filta ninaiwekaje?

Jibu: Kwenye yale makutano ya 100K na 10K, ongeza kapasita kwenda hasi. Nanofaradi 10 inaanza kukata kwenye hezi 1,750 hivi. Nanofaradi 47 kwenye kama 370, hapo mbu anakuwa besi. Ni filta ya kimaskini, haizungushwi wala haiimbi kama ile ya transista ya Moog iliyopewa hataza mwaka 1969, lakini wazazi hawatakufukuza sebuleni.

*Mdau wa Kigali:* Nina rafiki mwenye moduli za sinthesaiza za mfumo wa Eurorack. Naweza kuunganisha naye?

Jibu: Mapigo yako, ndiyo. Hasi yako iungane na hasi yake, na waya wa mapigo upite kwenye risista ya 1K kwa usalama wa pande zote. Mfumo huo ni wa Dieter Doepfer wa Ujerumani, wa katikati ya miaka ya 1990, na unatumia volti 12 za chanya na 12 za hasi. Kwa hiyo mawimbi yake hushuka chini ya sifuri. Yasiingie kwenye IC zako, zitakufa. Wewe mpe, usipokee. Kama hana nafasi, shusha VCV Rack, programu ya sinthesaiza ya moduli, kwenye kompyuta. Toleo la msingi ni la bure na sikwensa ya hatua nane utaifahamu mara moja.

*Mdau wa Morogoro:* Mkuu, ilikuwa waya wa 15. Sasa nikiongeza mapigo mpaka mwisho taa zote zinaonekana zinawaka pamoja. Nimeunguza?

Jibu: Hapana, ni macho yako yameachwa nyuma. Ongeza zaidi! Badilisha kapasita ya mapigo iwe ile nanofaradi 10 iliyobaki, chomoa 4046, na waya wa pamoja upeleke moja kwa moja kwenye ile 100K ya kutokea. Hatua nane zitapita kwa kasi mpaka ziwe wimbi moja la sauti, na kila volyumu itabadilisha umbo la wimbi hilo badala ya noti. Zungusha ya tatu na ya saba usikie.