Kununua nyumba karibu na njia ya reli Mtwara na Lindi: koodineti kwanza, bei baadaye

Kwa sasa hakuna treni inayopita Mtwara wala Lindi. Reli ya zamani, iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa wakoloni wa Uingereza na kufika Nachingwea, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake vikang'olewa. Inayozungumzwa leo ni ya kisasa: Mtwara hadi Mbamba Bay, pamoja na matawi ya kwenda kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Kwa hiyo dalali akikwambia "hapa SGR (yaani hiyo reli ya kisasa) inapita jirani kabisa", anachokuuzia ni mstari wa kwenye karatasi. Kazi yako ni kujua mstari huo uko mita ngapi kutoka kwenye ukuta wa nyumba, tena kwa maandishi.

Hatua ya 1: Karatasi za muuzaji

Chukua nakala ya hati au barua ya toleo, nenda ofisi ya ardhi, omba upekuzi rasmi. Majibu ya mdomo hayatoshi. Muuzaji mwenye ndoa alete ridhaa ya mwenza wake. Nyumba ya urithi iuzwe na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Ukinunua kijijini, halmashauri ya kijiji ndiyo inayoidhinisha, si mtendaji peke yake.

Hatua ya 2: Ramani ya upimaji

Omba ramani yenye jedwali la koodineti (namba zinazotaja mahali) za bikoni, yaani alama za kona za kiwanja. Kama kiwanja hakijapimwa, mtafute mpima ardhi aliyesajiliwa akipime kabla hujalipa hata shilingi.

Hatua ya 3: Weka kiwanja na reli kwenye ramani moja

Hapa ndipo watu wanapopotea, kwa hiyo nenda taratibu.

Ramani nyingi za upimaji nchini zimetumia mfumo wa koodineti wa Arc 1960, kwenye gridi ya mita iitwayo UTM, kanda ya 37 kusini. Simu yako na Google Earth hutumia mfumo mwingine, WGS84. Namba za mifumo hii miwili hufanana sana kwa macho, lakini ukiingiza koodineti za Arc 1960 kana kwamba ni za WGS84, kiwanja kitaangukia karibu mita 300 kaskazini na kama mita 90 magharibi ya mahali kilipo kweli. Mita 300 zinatosha kuitoa nyumba katikati ya njia ya reli na kuiweka mahali salama, au kinyume chake. Na hakuna kitakachokuonya: umbo la kiwanja litabaki sahihi, vipimo vya pande zake vitabaki sahihi, ila kitakuwa kimekaa juu ya mikorosho ya mtu mwingine.

Tumia QGIS, programu ya ramani ya kompyuta. Ni ya bure, na inakuwezesha kutaja mfumo wa koodineti kabla ya kuchora. Google Earth nzuri kwa kutazama tu. Kwa kazi hii usiitegemee. Andika jedwali la bikoni kwenye faili la CSV: jina la bikoni, E (mashariki), N (kaskazini). Unapoliingiza, chagua namba ya mfumo: EPSG:21037 kwa Arc 1960. Kama ramani ni ya WGS84, chagua EPSG:32737. Upimaji wa karibuni unaweza kuwa umefanywa kwa TAREF11, mfumo mpya wa Tanzania, ambao kwa matumizi haya unakaribiana na WGS84. Mfumo huandikwa pembeni ya ramani; usipouona, muulize aliyepima, usikisie.

Kagua namba zenyewe pia. Mjini Mtwara safu ya N huanza na 88 na ina tarakimu saba, na E iko kwenye laki sita na ushee. Lindi mjini E hushuka hadi laki tano. Ukiona kiwanja kimeangukia mbali kabisa na Mtwara au Lindi, basi umebadilishana E na N, umesahau tarakimu, au umechagua kanda ya 36.

Kisha hakikisha uwanjani. Simama juu ya bikoni yenyewe, ile nguzo fupi ya zege yenye chuma katikati na namba yake, washa simu mahali pa wazi, ngoja dakika chache usomaji utulie, linganisha na nukta ya QGIS. Tofauti ya mita 5 au hata 10 ni ya simu. Tofauti ya mamia ya mita maana yake umekosea mfumo. Bikoni isipoonekana, usikubali kuoneshwa mti au kona ya ukuta badala yake. Mpima aje airudishe.

Sasa mstari wa reli. Usichukue picha inayozunguka WhatsApp. Andika barua kwa Shirika la Reli Tanzania (TRC), ambatisha jedwali la bikoni na utaje mfumo wake, uliza kama kiwanja kimo ndani ya eneo la mradi au la hifadhi ya reli. Barua isiyotaja mfumo inaweza kurudi na jibu la mahali pengine kabisa. Nakala nyingine ipeleke kwa ofisa mipango miji wa halmashauri.

Hatua ya 4: Pima kutoka katikati ya njia

Hifadhi ya reli huhesabiwa kutoka katikati ya njia: mita 15 kila upande mjini, mita 30 vijijini. Hicho ni kiwango cha chini cha kuogopa. Tuta la urefu wa mita 5 lenye mteremko wa 1 kwa 2 (mita 1 kwenda juu, mita 2 kwenda pembeni) hula mita 10 kila upande hata kabla ya kuhesabu upana wake wa juu, na penye stesheni au mapishano eneo hutanuka zaidi. Ningekaa mita 100 au zaidi. Karibu zaidi ya hapo, nje kidogo tu ya mpaka, unabaki na kelele na mtikisiko bila haki ya fidia.

Wakati upo hapo, tazama na mikuza mingine, yaani njia zilizotengwa kwa miundombinu: bomba la gesi, nguzo kubwa za umeme, na barabara kuu, ambayo hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati.

Hatua ya 5: Uliza kama nyumba imeshathaminiwa

Swali hili liulizwe kwa mwenyekiti wa mtaa na majirani, si kwa muuzaji pekee. Fidia hulipwa kwa jina lililo kwenye daftari la uthamini, na unachoongeza baada ya uthamini hakihesabiwi. Ukinunua nyumba iliyokwisha kuthaminiwa, hela anaweza kuzichukua yule aliyekuuzia. Fidia halali hujumuisha bei ya soko ya ardhi na jengo, miti na mazao (kila mkorosho uhesabiwe), posho ya usumbufu, usafiri na malazi. Malipo yakipita miezi 6 huingia riba. Yakipita miaka 2 uthamini hurudiwa.

Hatua ya 6: Jengo na maji

Penye tuta la reli ya zamani, nenda baada ya mvua kubwa uone maji yanakimbilia wapi. Tuta huyakinga na kuyasukumia upande mmoja; ukuta wenye chumvi na plasta inayomeguka hadi usawa wa magoti unakueleza ni upande upi.

Hatua ya 7: Malipo

Lipia benki, mbele ya wakili. Msimu wa korosho usikutie haraka. Toa sehemu ndogo wakati wa kusaini mkataba, na iliyobaki baada ya kibali cha uhamisho. Fomu za ardhi za uhamisho ni Na. 29, 30 na 35. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, ushuru wa stempu asilimia 1 ni wako. Andika kwenye mkataba kwamba muuzaji anathibitisha nyumba haijathaminiwa kwa mradi wowote, na kwamba ikibainika vinginevyo atarudisha fedha zote. Barua ya TRC iwe kiambatisho cha mkataba huo.