Namna ya Kujadili Injini Mpya za Formula 1 Kabla ya Msimu wa 2026

Mashabiki wa Lubumbashi wanaokutana Kamalondo au Katuba kubashiri msimu wa 2026 wa mbio za magari za Formula 1 watafanya vyema kuanza na suala la nishati na kuyaahirisha majina ya madereva. Mjadala unaofunguliwa kwa swali la nani atakuwa bingwa hugeuka upesi kuwa wa Hamilton na Verstappen, kama vile timu zetu za soka, Mazembe na Lupopo, zinacheza kesho yake, na kuanzia hapo hakuna amsikilizaye mwenziwe.

Kwanza wote wakubaliane juu ya kilichobadilika. Injini ya mafuta imebaki ya silinda sita, lita 1.6, yenye turbo, yaani kifaa kinachozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa zaidi, ila nguvu yake imeshushwa kutoka takriban kilowati 550 hadi takriban 400, na mafuta yake sharti yawe endelevu. Mota ya umeme, ambayo huvuna nishati gari linapofunga breki, imepandishwa kutoka kilowati 120 hadi 350. Mota ya pili, iliyokuwa ikivuna nishati ya gesi za moshi kupitia turbo, imeondolewa kabisa. Kwa hiyo karibu nusu ya nguvu ya gari sasa inatokana na umeme, wakati njia moja ya kuupata umeme huo imefungwa.

Hapo ndipo inapofaa kutulia, hata kama jioni nzima itaishia hapo. Mwombeni mmoja wenu apige hesabu hadharani: kanuni zinaruhusu tofauti ya megajuli 4 kati ya betri iliyojaa na betri iliyokwisha, na mota ikivuta kilowati 350 bila kupumzika, kiasi hicho huisha katika muda wa sekunde 11 hivi. Kwa mota ya zamani kingedumu sekunde 33. Mtu akishaiona hesabu hiyo, ataelewa kwa nini programu inayoamua umeme utumike wapi na uhifadhiwe wapi huenda ikawa na uzito kuliko ukubwa wa nguvu zenyewe. Ongezeni kwamba msaada wa mota huanza kupunguzwa gari likipita kilomita 290 kwa saa na hukoma kwenye 345, lakini dereva aliye nyuma ya mwenziwe kwa chini ya sekunde moja anaweza kuruhusiwa nguvu kamili hadi kilomita 337. Ruhusa hiyo imechukua nafasi ya ule mfumo wa zamani wa kufungua bawa la nyuma ili kumpita aliye mbele. Mabawa sasa hujilaza, kupunguza ukinzani wa hewa, kwa magari yote kwenye sehemu nyoofu zilizotengwa. Tena barabara ya Melbourne, ambako msimu unaanza, haina breki nzito nyingi za kujazia betri, na atakayetabiri mbio hizo bila kulitaja jambo hilo aombwe atabiri upya.

Katika mji wetu wa shaba, neno betri litawapeleka kwenye kobalti, madini ya betri yanayochimbwa kwetu. Ni mjadala mzuri, lakini upangiwe siku yake, kwa kuwa hausemi lolote juu ya nani atamaliza mbele ya nani.

Kisha pangeni timu kwa injini zao. Mercedes inawapa McLaren, Williams na Alpine, Ferrari inawapa Haas na Cadillac, timu mpya ya kumi na moja, Red Bull wanaijenga yao wakishirikiana na Ford na kuwagawia Racing Bulls, Honda wako na Aston Martin, Audi wanajitegemea. Mpangilio huu una kazi ya kupima hoja. Anayedai kwamba injini fulani ndiyo bora aulizwe mbona wateja wa injini hiyo hawajapanda pamoja. Mwaka 2014, kanuni zilipobadilika kwa kiasi kama hiki, Mercedes walishinda mbio 16 kati ya 19, na Williams, waliohamia injini ya Mercedes, walipanda kutoka nafasi ya tisa hadi ya tatu. McLaren walikuwa na injini hiyo hiyo wakaishia wa tano. Injini iliinua, haikumaliza kila kitu.

Nyakati za majaribio ya kabla ya msimu huko Bahrain zisipewe imani kubwa, maana hakuna aliye nje ajuaye gari lilibeba mafuta kiasi gani. Mwaka 2019 Ferrari waliondoka kwenye majaribio wakisifiwa kila mahali, kisha Mercedes wakashinda mbio nane za mwanzo. Hesabuni mizunguko badala yake: injini mpya inayokaa gereji haijifunzi.

Mwisho, kila mmoja aandike utabiri wake kwenye daftari moja pamoja na sababu yake, na aongeze ni matokeo gani yatakayomfanya aufute. Sharti hilo la pili ndilo linalowanyamazisha wapiga kelele, kwa hiyo lisisamehewe mtu. Mbio za Melbourne ni Jumapili, tarehe 8 Machi, saa kumi na mbili asubuhi kwetu, lakini mazoezi ya kwanza yatafanyika usiku wa kuamkia Ijumaa tukiwa tumelala; daftari lifungwe Alhamisi jioni.